Uraia na Mafunzo Yake Katika Historia ya Tanzania

Neno "raia" lilikuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka lilikuwa na maana ya watu walio chini ya mtawala, mfano wa kundi la mifugo lililo mikononi mwa mchungaji wake. Raia wa namna hiyo alikuwa mtu wa kuamriwa, kutozwa kodi na kulindwa. Neno "mwananchi" lina asili nyingine. Hilo limeundwa na Kiswahili chenyewe, nalo lasema kwamba mtu ni mtoto wa nchi, na kwa hiyo watoto wengine wote wa nchi hiyo ni ndugu zake. Leo tunayatumia maneno haya mawili kana kwamba ni neno moja, na sheria yetu inapomtaja raia humkusudia mtu mwenye haki na wajibu katika nchi yake. Lakini safari ya kutoka maana ya kwanza hadi maana ya pili haikuwa fupi. Ilikuwa safari ya kujifunza, na makala haya yanakusudia kueleza hatua zake kuu.

Swali linalotukabili ni hili: mtu hujifunzaje maadili ya nchi hata akastahili kuitwa raia wake? Mataifa mengine yamelijibu swali hili kwa mtihani. Huko Marekani sheria ya mwaka 1950 ilimtaka mgeni anayeomba uraia aonyeshe kwamba anaijua historia ya nchi ile na misingi ya serikali yake. Uingereza ilianzisha mtihani wake mwaka 2005, wenye maswali 24, na anayetaka kufaulu hana budi kujibu sawasawa maswali 18. Australia ilifuata mwaka 2007, kisha mwaka 2020 ikaongeza maswali 5 yahusuyo maadili ya taifa, ambayo mwombaji hana ruhusa ya kukosa hata moja. Katika nchi hizo mwombaji husoma kijitabu, hukariri yaliyomo, huingia chumbani na kujibu.

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haikutaja mtihani wa maswali na majibu. Ilitaja mambo mengine: kwamba mwombaji wa uraia wa tajnisi awe ameishi nchini kwa miaka iliyowekwa, ajue Kiswahili au Kiingereza kwa kiasi cha kutosha, awe na mwenendo mwema, awe ametoa au aweza kutoa mchango wa manufaa kwa taifa, na akusudie kuishi hapa daima. Msomaji aweza kudhani kwamba taifa lisilo na mtihani wa aina ile ni taifa lisilo na maadili ya kufundisha. Dhana hiyo si kweli. Mafunzo ya uraia katika nchi yetu yalikuwa makubwa kuliko kijitabu chochote, nayo yalimhusu mwenyeji kabla ya kumhusu mgeni. Mtihani wake nao ulikuwapo, ila ulifanywa kwa matendo. Na mara nyingi aliyetahiniwa alikuwa ni taifa lenyewe.

Mafunzo ya jadi

Kabla ya wakoloni kuja, makabila yetu yalijua vizuri kwamba mtu hawi mtu kamili wa jamii kwa kuzaliwa tu. Wayao, Wamakonde, Wamakua, Wazaramo na wengine wengi walikuwa na jando na unyago. Huko vijana walitengwa na kufundishwa heshima kwa wakubwa, siri za jamii, wajibu wa mke na mume, uvumilivu na ushirikiano katika kazi. Mafunzo hayo yalitolewa kwa nyimbo na mafumbo, na kijana alitakiwa kuyafumbua. Lakini hakuhesabiwa kuwa amehitimu kwa kufumbua mafumbo peke yake. Jamii ilimtazama aliporudi nyumbani: anaamkiaje wazee, anashikaje jembe, anamtendeaje mwenzake aliyefikwa na msiba.

Mgeni naye alikuwa na njia yake ya kuingia. Katika sehemu nyingi za nchi watu wa koo mbalimbali walichanjiana damu wakawa ndugu, na udugu huo ulileta haki na masharti kama udugu wa tumbo moja. Hata Mtemi Mirambo wa Unyamwezi alichanjiana na Stanley, msafiri wa Kizungu, mwaka 1876, kwa sababu katika fikra za wakati ule hakukuwa na njia nyingine ya kumfanya adui wa jana awe mtu wa kuaminiwa leo. Na kwa mgeni wa kawaida ilikuwapo methali ambayo kila mtoto wa Kiswahili anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huelezwa mara nyingi kama onyo kwa wavivu. Kwa kweli ni zaidi ya hapo. Yasema kwamba mgeni ana haki ya kupokewa bila kuulizwa swali, na kwamba baada ya kupokewa ana haki ya pili iliyo kubwa zaidi, yaani haki ya kushiriki kazi za wenyeji. Anayepewa jembe ameacha kuwa mgeni.

Kipimo cha mkoloni

Utawala wa Wajerumani, na baada yake utawala wa Waingereza, ulivunja utaratibu huo. Mwafrika wa Tanganyika chini ya Waingereza hakuwa raia wa nchi yoyote kwa maana tunayoijua leo. Katika sheria zao aliitwa mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza. Alilipa kodi, alitii amri, naye hakuulizwa jambo lolote kuhusu serikali iliyomtawala.

Wakoloni walipolazimika kuruhusu uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, waliweka kipimo cha mpiga kura. Uchaguzi huo ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Mpiga kura alitakiwa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au cheo kinachotambuliwa. Aidha, aliyeruhusiwa kupiga kura alilazimishwa kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu. Huo nao ulikuwa mtihani wa uraia. Tofauti yake na mafunzo ya jadi ni kwamba uliwekwa mlangoni ili watu wengi wasiingie. Mkulima aliyelisha mji kwa mahindi yake alishindwa mtihani huo kwa kuwa hakuwa na pauni 150.

Wanachama wengi wa TANU walitaka kuususia uchaguzi huo, na hasira yao ilikuwa ya haki. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, Mwalimu Julius Nyerere aliwashawishi wakubali kushiriki ili kuubomoa utaratibu mbaya kutoka ndani. TANU na watu iliowaunga mkono, wakiwamo Waasia na Wazungu, walipata ushindi mkubwa. Hivyo kura tatu zilizowekwa ili kuwatenganisha watu wa rangi mbalimbali zilitumika kuwaunganisha. Hili lilikuwa funzo la kwanza la uraia kwa umma wa Tanganyika, nalo lilifundishwa kabla nchi haijawa na raia hata mmoja.

Mjadala wa mwaka 1961

Funzo la pili lilikuwa gumu zaidi. Mwezi Oktoba 1961, ikiwa imebaki miezi miwili tu kufikia Uhuru, Bunge lilijadili muswada wa sheria ya uraia. Muswada ulisema kwamba mtu aliyezaliwa Tanganyika, ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika, atakuwa raia moja kwa moja siku ya Uhuru. Aliyezaliwa nchini lakini wazazi wake walizaliwa kwingine alipewa muda wa miaka miwili wa kuomba kuandikishwa. Hakuna mahali ambapo muswada huo ulitaja rangi ya mtu.

Baadhi ya wabunge walipinga. Walisema kwamba Waafrika wamedhulumiwa kwa miaka mingi katika nchi yao wenyewe, na kwamba haifai wale waliofaidi dhuluma hiyo wapewe uraia sawasawa na waliodhulumiwa. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Wenye shule nzuri, maduka makubwa na mashamba mapana walikuwa ni watu wa rangi fulani, na kila mtu aliliona jambo hilo kwa macho yake.

Mwalimu Nyerere, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, aliwajibu kwa ukali usio wa kawaida yake. Alisema kwamba serikali yake imekataa kabisa wazo la kuusimamisha uraia juu ya kitu kingine chochote isipokuwa utii kwa nchi. Na kwamba kuwabagua binadamu kwa rangi zao ndicho kitu hasa ambacho TANU ilikuwa ikikipiga vita. Aliwaeleza wabunge wazi kwamba muswada ukishindwa serikali itajiuzulu. Muswada ulipita.

Yafaa mwanafunzi wa historia asilipite jambo hili upesi. Taifa lilikuwa bado halijazaliwa, na tayari lilikuwa limepewa swali lake la kwanza la mtihani: je, usawa wa binadamu uliohubiriwa wakati wa kudai Uhuru ulikuwa silaha ya kumpigia mkoloni tu, au ulikuwa imani? Ni rahisi kudai usawa kwa aliye juu yako. Ni vigumu kumpa usawa huo yule uliyemshinda.

Matokeo yake yalionekana. Amir Jamal, Mwasia aliyezaliwa Mwanza, alikuwa Waziri wa Fedha kwa miaka mingi. Derek Bryceson, Mzungu aliyezaliwa China na kuja Tanganyika akiwa mtu mzima, alikuwa Waziri wa Kilimo na mbunge aliyechaguliwa na wapiga kura Waafrika. Mwezi Januari 1964 Rais Nyerere aliagiza kwamba ubaguzi baina ya raia na raia katika ajira ya serikali ukome, na kwamba kuanzia hapo watu wapimwe kwa uwezo na tabia zao.

Hata hivyo historia haitaki tuitazame upande mmoja. Sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majumba ya kupangisha haikutaja rangi ya mtu, lakini wengi wa walionyang'anywa majumba walikuwa Waasia, na miongoni mwao walikuwamo raia. Wengi waliihama nchi baada ya hapo. Serikali ilitaka kuvunja unyonyaji, na unyonyaji wa kodi za nyumba ulikuwapo. Lakini swali la mwaka 1961 lilirudi kwa sura nyingine, na kila kizazi hakina budi kulijibu upya.

Darasa la taifa

Tarehe 9 Desemba 1961 watu wote wa Tanganyika walikuwa raia wapya. Jambo hili husahauliwa. Mzee wa miaka 80 kule Songea na mtoto mchanga wa Bukoba walipata uraia siku ile ile moja. Kwa hiyo hapakuwa na wenyeji wa kuwafundisha wageni. Wote walikuwa wanafunzi.

Kitabu cha mafunzo kilikuwa kifupi. Katika katiba ya TANU, chama kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwamo imani ya chama: usawa wa binadamu, haki ya kila mtu kuheshimiwa, haki ya kushiriki katika serikali, haki ya kupata malipo halali kwa kazi yake. Pamoja na imani hiyo zilikuwapo ahadi za mwanachama, ambazo zilimtaka awaone binadamu wote kuwa ndugu zake, aikatae rushwa, akione cheo kuwa dhamana, ajielimishe kwa faida ya wote na aseme kweli bila fitina. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, liliiweka imani hiyo mwanzoni, kisha likaongeza masharti kwa viongozi: wasiwe na hisa katika makampuni, wasipokee mishahara miwili, wasiwe na nyumba za kupangisha. Mwezi Machi mwaka huo huo ikatoka Elimu ya Kujitegemea, na mashule yakatakiwa yawe na mashamba na karakana, ili kijana asiione kazi ya mikono kuwa adhabu.

Lugha ya mafunzo ilikuwa Kiswahili. Rais alipolihutubia Bunge la Jamhuri kwa Kiswahili mwaka 1962 aliwaonyesha watu kwamba mambo makubwa ya nchi yaweza kusemwa kwa lugha wanayoielewa. Mwaka 1967 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha rasmi ya shughuli za serikali, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Kijana wa Kihaya aliyepelekwa kufundisha Mtwara, na binti wa Kimakonde aliyekwenda kuuguza wagonjwa Musoma, walikuta wenzao wanaoelewa maneno yao. Kama lugha hiyo isingekuwapo, imani ya usawa ingebaki maandishi ya wasomi wachache.

Mafunzo hayo hayakupokewa na kila mtu kwa furaha, na waliokataa hawakuwa daima watu wasiosoma. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963 kwa kujitolea. Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wanaomaliza masomo ya juu walitumikie taifa kwa miaka miwili kwa lazima, na kwamba sehemu kubwa ya muda huo, watakapokuwa kazini, wakatwe asilimia 60 ya mshahara. Mwezi Oktoba karibu wanafunzi 400, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti hayo. Rais aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao. Na siku hiyo hiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao waliruhusiwa kurudi masomoni baadaye.

Tukio hili lina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba vijana wale walikuwa wameelimika kuliko karibu watu wote wa nchi. Kama wangepewa mtihani wa maandishi juu ya maadili ya taifa, bila shaka wangefaulu. Walishindwa pale maadili yale yalipowadai sehemu ya mshahara wao. La pili ni kwamba kiongozi aliyewahukumu alijitia katika hukumu hiyo hiyo. Wataalamu wa malezi wanajua kwamba mtoto hufuata mwenendo wa mzazi kabla ya kufuata maneno yake, na taifa halina tofauti na mtoto katika jambo hili.

Pale ambapo viongozi hawakujihukumu, mafunzo yaliharibika. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakaripia viongozi wenye majivuno na dharau, maana yake ni kwamba walikuwapo. Wakati wa kuhamia vijijini, hasa kati ya mwaka 1973 na 1976, mamilioni ya watu walihamishwa, na mahali pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa na watumishi waliotaka kuonyesha kwamba wametimiza amri. Mkulima aliyefundishwa kwamba kila mtu ana haki ya kuheshimiwa, kisha akaliona paa la nyumba yake likiungua, alijifunza somo jingine, na somo hilo halikuandikwa katika kitabu chochote cha siasa.

Taifa latahiniwa

Hata hivyo kuna mtihani mmoja ambao taifa liliufanya kwa wingi na kwa uwazi, na ni vema vijana wa leo waujue. Kwa hesabu za mwaka 1967, karibu theluthi mbili ya watu wazima wa nchi yetu hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1971 ikaamuliwa kwamba ujinga wa kutojua kusoma ufutwe katika nchi nzima. Madarasa yalifunguliwa chini ya miembe, katika majengo ya shule jioni, viwandani, misikitini na makanisani. Vitabu vya kisomo chenye manufaa vilifundisha kusoma kwa njia ya mambo ambayo watu waliyaishi: kilimo cha pamba, ndizi, afya, uvuvi.

Pamoja na madarasa hayo zilikuwapo kampeni za redio. "Uchaguzi ni Wako" ya mwaka 1970 iliwaeleza wananchi maana ya kura. "Wakati wa Furaha" ya mwaka 1971 iliwasimulia historia ya nchi walipokuwa wakiadhimisha miaka 10 ya Uhuru. "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kujadili na kisha kutenda, yaani kuchimba vyoo, kufyeka majani na kusafisha visima. Kikundi ambacho kilijadili bila kuchimba choo hakikuhesabiwa kuwa kimejifunza.

Mwezi Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa kwanza wa kisomo wa nchi nzima, na mamilioni ya watu waliufanya. Babu na bibi walishika penseli mbele ya walimu walio sawa na wajukuu wao. Matokeo yalionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki asilimia 39. Mtihani wa mwaka 1977 ukaonyesha asilimia 27, na ule wa mwaka 1981 asilimia 21. Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba aliyeshindwa mtihani huu hakufukuzwa wala hakunyimwa haki yoyote. Alirudi darasani. Kura yake ilikuwa sawa na kura ya aliyefaulu. Katika hili taifa lilikipindua kipimo cha mkoloni cha mwaka 1958: elimu haikuwa tena ufunguo wa kuingilia katika uraia, bali ilikuwa haki ya aliyekwisha kuingia.

Wageni waliokuwa wenyeji

Sasa tuwatazame wale waliokuja kutoka nje, kwa maana hao ndio hasa ambao katika nchi nyingine hupewa mtihani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 Watutsi wengi wa Rwanda walikimbilia kwetu. Mwaka 1980 serikali iliwapa uraia zaidi ya 30,000 miongoni mwao. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa ajili ya yale ambayo nchi yake iliwatendea wakimbizi.

Mwaka 1972 walikuja Warundi kwa makumi elfu, wakiyakimbia mauaji. Walipewa ardhi Ulyankulu katika Tabora, na Katumba na Mishamo katika wilaya ya Mpanda, ambayo wakati huo ilikuwa misitu mikubwa yenye wanyama wakali na mbung'o. Walifyeka, wakalima mahindi, maharagwe, mihogo na tumbaku, na baada ya miaka michache wakajilisha na kuuza ziada. Watoto wao walisoma shule zenye mtaala wa Tanzania, wakaimba wimbo wa taifa la Tanzania, wakakua wakizungumza Kiswahili. Hapa methali ya jembe la siku ya tatu ilitimizwa neno kwa neno.

Lakini jembe walilipata mapema, na cheti cha uraia kilichelewa. Ilikuwa mwaka 2007 tu ambapo waliulizwa wachague kurudi Burundi au kuomba uraia wa tajnisi. Wengi mno walichagua kubaki, na maombi 162,156 yalikubaliwa. Hata baada ya kukubaliwa walingoja tena, kwa kuwa ilitakiwa kwanza watawanywe katika mikoa mingine. Kwa miaka kadhaa walikuwa watu wa katikati: uraia wa Burundi walikuwa wameukana, na vyeti vya Tanzania hawakuwa navyo mkononi. Mpango wa kuwatawanya uliachwa, na mwezi Oktoba 2014, wakati wa Rais Jakaya Kikwete, vyeti vilianza kutolewa. Ni mara chache sana duniani ambapo nchi moja imewapa uraia wakimbizi wengi kiasi hicho kwa uamuzi mmoja.

Mfano wa tatu ni wa Wazigua waliotoka Somalia. Mababu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka nchi ya nyuma ya pwani ya Tanga, wakavushwa hadi pwani ya Benadir. Waliotoroka walijenga vijiji katika bonde la mto Juba, na huko waliihifadhi lugha yao ya Kizigua kwa zaidi ya miaka 100. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia kwa ndugu zao wa Tanga. Walipewa mahali Chogo katika wilaya ya Handeni, na wengi wao hatimaye wakapata uraia. Wenyeji hawakuhitaji kuwauliza maswali mengi. Walipofungua vinywa vyao, lugha waliyoizungumza ilikuwa ushahidi wa kutosha.

Hitimisho

Katika shule zetu somo la Siasa lilifundishwa kwa miaka mingi. Na baada ya nchi kurudi katika mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 lilipokewa na somo la Uraia. Mabadiliko hayo yalikuwa ya lazima, kwa sababu taifa ni kubwa kuliko chama chochote. Lakini hatari ya somo hilo ni ile ile kwa majina yote mawili. Mwanafunzi aweza kuandika kwa hati nzuri kwamba rushwa ni adui wa haki, akapata alama zote, na jioni ile ile akatoa hongo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, mashule yaliagizwa kuhesabu mwenendo na bidii ya kazi pamoja na alama za mtihani. Nia ilikuwa njema. Ila ugumu ulibaki pale pale, kwa kuwa utii wa kumwogopa mwalimu na wema wa moyo hufanana sana machoni pa mtu anayejaza fomu.

Hii haina maana kwamba mtihani wa maandishi haufai. Tarehe, mihimili ya dola, haki zilizomo katika Katiba na taratibu za uchaguzi ni mambo ambayo raia hana budi kuyajua, maana asiyezijua haki zake ni rahisi kunyang'anywa. Mambo hayo yafundishwe, na yatahiniwe. Lakini mwalimu asimdanganye mwanafunzi kwamba akishayajua amemaliza. Maadili ya taifa hili yalipata kutahiniwa Bungeni mwaka 1961, mbele ya Ikulu mwaka 1966, katika vijiji vilivyohamishwa, chini ya miembe ya kisomo, na katika misitu ya Mishamo. Mara nyingine taifa lilifaulu, na mara nyingine lilishindwa. Na waliolifundisha kushinda au kushindwa walikuwa mara nyingi watu wasio na cheo chochote.

Kwa hiyo mwanafunzi anaposoma juu ya uraia na ajiulize jinsi anavyomtendea mwenzake wa kabila jingine, wa dini nyingine, au aliyekuja juzi kutoka ng'ambo ya mpaka. Raia wa tajnisi hula kiapo cha utii siku anapopewa uraia. Sisi tuliozaliwa hapa hatukuapishwa mbele ya mtu yeyote, lakini mwaka 1961 wazee wetu walituapia kwamba nchi hii haitawapima watu kwa rangi wala kwa asili yao. Ahadi ni deni, na deni la wazazi hurithiwa na watoto.